Walamba Shubiri

Gaspari alikuwa mtu wa subira, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Gaspari mwenyewe. Paa la nyumba yake lilivuja masika manne mfululizo, akalivumilia. Ua wake uliangushwa na kile kimbunga kikubwa, akauvumilia ukiwa chini, mpaka watu wakakisahau kimbunga na ua bado umelala. Shamba lake la mihogo liliingiliwa na nguruwe mwaka hadi mwaka. "Mvumilivu hula mbivu," aliwaambia majirani, akakaa kibarazani kungoja mihogo ikomae. Nguruwe hawakuwa na dini, kwa hiyo walikula mapema wakashiba.

Subira hiyo ilikuwa na mpaka mmoja tu, nao ulikuwa tumboni. Chakula kikichelewa kidogo, kijiji kizima cha Wakristo, kile kilichokuwa nyuma ya misheni pale Bagamoyo, kilijua kwamba Gaspari hajala. Kazi yake ilikuwa kupiga kengele mara tatu kwa siku na kuwafundisha watoto sala. Kati ya kengele na kengele alipumzika. Aliyepanda juu ya paa hatimaye, makuti mkononi, baada ya kuchoka kulala na sufuria kifuani akikinga matone, alikuwa mkewe, Skolastika. Gaspari alimshikia ngazi kwa mkono mmoja, akimhimiza asiwe na haraka.

Habari hii ni ya huyo Skolastika. Mumewe ameingia kwanza kwa sababu ndiyo desturi yake; hata kwenye karamu za watu alitangulia kukaa.

Alizaliwa Uzigua. Mwaka wa njaa mjomba wake alimtoa kwa mtama ambao haukufika hata mwezi. Akafika pwani na kamba shingoni, akavushwa Unguja, akanunuliwa na bwana mmoja aliyemwita Mize, kwa kuwa mjakazi aliyekufa kabla yake aliitwa Mize na yule bwana hakutaka usumbufu wa kujifunza jina jipya. Alipopelekwa sokoni mara ya pili mapadri walimkomboa pamoja na wengine, wakamleta Bagamoyo, wakambatiza Skolastika. Jina hilo lilimchukua mwezi mzima kulitamka. Kisha asubuhi moja jozi saba za vijana zilifungishwa ndoa kwa mkupuo, naye akajikuta ni mke wa Gaspari. Gaspari alikuwa ametangulia kukombolewa kwa mwaka mmoja na nusu, na kwa sababu hiyo alijiona mzee wa Kanisa.

Mwaka wa 1870 Skolastika akamzaa Agata. Kiswahili chake wakati ule kilikuwa Kizigua kilichoazima kanzu. Aliyemfundisha maneno alikuwa Dija, mwanamke wa Kiislamu wa mjini, aliyepita kijijini na sinia la samaki wa kukaanga na ulimi usiopumzika. Wiki moja Dija alimwonyesha mmea wa majani manene yenye miiba pembeni, unaoota penye kuta za zamani karibu na ufuo. "Huu mshubiri, shoga. Wengine husema subiri tu. Uchungu wake haumithiliki. Siku ya kumwachisha mwanao ziwa utajipaka utomvu wake, akionja mara moja hatarudi tena."

Jumapili ya wiki ileile padri mgeni alihubiri juu ya malezi. Kiswahili chake nacho kilikuwa kimeshuka melini juzi tu. Alikusudia kusema subira, ulimi ukateleza. "Akina mama," alisema kwa upole mkubwa, "wapeni watoto subiri tangu wangali wananyonya. Mtoto asiyepewa subiri mapema, ukubwani hataipata."

Skolastika alisikia alichosikia. Neno la subira, lile la kuvumilia, hakuwa amekutana nalo. Mtu aliyetembezwa kwa kamba toka Uzigua mpaka baharini alikuwa akilifanya jambo lenyewe kila hatua, lakini hakuna aliyemwambia linaitwaje. Akatoka kanisani moja kwa moja mpaka kwenye zile kuta, akakata jani, akalimenya, akampaka mtoto utomvu ulimini. Agata alikuwa na miezi mitatu. Kilio kilisikika mpaka nyumba ya mwisho, na majirani walipokuja mbio wakamkuta mama ameshika jani, uso mkavu, anasema padri ameagiza.

Walimcheka mpaka ikafika kwaresima. Wakamwita Mama Shubiri. Watu waliokuwa wametoka sokoni mwaka mmoja kabla, wenye alama za minyororo bado miguuni, waligundua kumbe kuna mjinga kuwazidi wao, wakafurahi kama waliopewa nguo mpya. Gaspari alipiga kengele siku tatu ameinamisha kichwa. Siku ya nne padri mwenyewe alimgonga begani, naye anacheka, akamwambia kwamba mkewe amekosea neno lakini si haba, maana subira nayo ni chungu.

Gaspari akarudi nyumbani mtu mwingine. Ilipofika Pasaka alikuwa akilisimulia jambo hilo kana kwamba yeye ndiye aliyelibuni, na mkewe alitumwa tu kulikata jani. Miaka ikapita, watoto wakaongezeka, ikawa desturi ya nyumba. Kila Jumamosi jioni kabla ya sala watoto walipangwa mstari kibarazani, mkubwa mbele. Gaspari akapitisha kipande cha shubiri. Kila mmoja alilamba mara moja. Aliyekunja uso alilamba tena. Aliyelia alilamba mara tatu na akala ugali bila kitoweo. Aliyenyamaza alisifiwa mbele ya wageni, maana hapakukosekana wageni, Gaspari aliwaalika. Nyumba nyingine zikaiga. Wale waliocheka ndio waliokuja kuomba kipande cha jani.

Mgeni mmoja aliwahi kumwuliza Gaspari yeye hulamba lini. Gaspari akamtazama kwa huruma. "Mganga hajigangi," akasema.

Dija aliposikia alitua sinia lake chini. "Sisi kwetu shubiri ni ya kumwachisha mtoto ziwa," alisema, "siyo ya kumfundishia dini. Mtamwachisha nini huyu, kulia?" Skolastika akacheka, akanunua samaki wawili, yakaisha hapo.

Na tuseme kweli yote, tusimwonee Gaspari peke yake. Skolastika alijivuna. Watoto wake wawili wa kiume walilia kila Jumamosi mpaka wakapata kimo, kisha wakatoroka kwenda kubeba mizigo ya misafara, wakaona heri pembe za ndovu begani kuliko shubiri ya baba yao. Lakini Agata alianza kulamba bila kukunja uso tangu akiwa na miaka sita. Alilamba, akameza, akatazama mbele. Wanawake walikuja kumwona. Walisema ana uso wa mtakatifu, na mama yake, aliyeitwa mjinga na kijiji kizima kwa ajili ya jani lilelile, alisimama nyuma ya mlango akisikiliza sifa hizo moja moja asipoteze hata moja.

Subira ya kweli Skolastika alikuwa nayo, ila hakuijua kwa jina hilo. Alifanya kazi kwenye mivanila ya misheni. Ua la vanila hufunguka alfajiri na jua la mchana likilikuta halijashikwa limekwisha. Ni lazima mtu aende na kijiti chembamba, afungue kila ua, akutanishe vumbi lake kwa ncha ya kidole, ahamie jingine. Skolastika alifanya hivyo asubuhi baada ya asubuhi, mamia ya maua, halafu miezi tisa ya kungoja maganda yakomae, halafu kuyaanika na kuyafunika, kuyaanika na kuyafunika. Hakuna aliyekuja kumtazama. Gaspari alipita mara moja, akasema kazi hiyo ni ya kike, akaenda zake kungoja saa ya kengele.

Agata alipofika miaka kumi na mitano akaolewa na Anselmi, seremala aliyefundishwa misheni. Mikono yake Anselmi ilikuwa mizuri, yaani juu ya mbao. Alichonga milango iliyosifiwa na Wahindi wa mjini, akajiona mkubwa kuliko kijiji, akahamia Kerege, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu, akajenga banda lake la kazi huko. Gaspari alimpenda mkwe huyo kupita kiasi kwa sababu alimwita "mwalimu" mbele za watu.

Mara ya kwanza Agata aliporudi kwao, jicho lilikuwa limefumba. Alisema aligonga mlango. Gaspari akasema milango ya Kerege inahitaji subira, akacheka mwenyewe, akamrudisha kwa mumewe kesho yake. Mara ya pili alikuwa amepoteza jino na hakusingizia mlango tena. Gaspari akaeleza kwa urefu kwamba ndoa ni msalaba na kwamba hata watakatifu walipigwa. Na Skolastika? Skolastika alimfungia mwanawe unga na chumvi, akamsindikiza mpaka njia panda, akamwambia, "Vumilia, mwanangu. Subira yavuta heri." Kiswahili chake kilikuwa kimekwisha kunyooka siku hizo.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka wa 1887, mwezi wa kumi, vanila zikiwa katika maua. Siku ya Ijumaa, Skolastika anarudi kutoka shambani, akamkuta Agata amekaa kibarazani, mtoto wake Monika wa mwaka mmoja na miezi minne amelala magotini. Alikuwa ametembea toka Kerege tangu jogoo la kwanza. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa leso, na chini ya leso ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba. Umefanya nini mkono?"

"Umevunjika, mama, hapa. Si sana."

Skolastika akampeleka mjini kwa Kitwana, muunga mifupa, mzee mwenye viganja vipana aliyewaunga wapagazi na mabaharia. Kitwana alimkalisha kwenye mkeka, akamwambia Skolastika amshike mabega kwa nguvu, maana atapiga kelele. Akauvuta mkono. Mfupa ulilia. Agata hakulia. Alitazama ukuta, akameza mate, akatulia.

Kitwana akauacha mkono, akamwangalia usoni kwa muda, kisha akaendelea kufunga vijiti. "Nimeunga wanaume waliobeba pembe kutoka Unyamwezi," alisema. "Mmoja aliniuma bega, alama hii hapa. Wote hupiga kelele, hapana aibu, ndiyo kazi ya mdomo. Huyu nani kamfundisha hivi?"

Hakuuliza kwa sifa. Aliuliza kama mtu anayeuliza nani aliyemtia mtoto upofu. Skolastika akamlipa. Njia nzima ya kurudi alimbeba Monika mgongoni akimtazama Agata aliyetangulia mbele, mgongo umenyooka, anawasalimia watu wote vizuri, na kila aliyemwona alimjibu kwa uchangamfu kwa kuwa usoni hakuona kitu.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Ungedhani siku hiyo, mwenye nyumba ana binti aliyevunjwa mkono, angeiacha desturi yake ipite. Hujamjua Gaspari. Alikuwa amekaa miaka miwili bila mtoto wa kulambisha, kiganja kinamwasha. Jioni akaleta kipande chake, akamsimamisha Monika mbele yake. "Kwa mama yake tulichelewa kidogo kupata matunda," alisema. "Huyu tumwahi."

"Mwache, Baba Agata," Skolastika alisema. "Mtoto mdogo."

"Mama yake alianza na miezi mitatu. Ni wewe uliyemwanzisha."

Hilo lilikuwa kweli. Monika akalitazama jani, akamtazama mama yake. Na Agata, bila kuambiwa, akautengeneza uso wake. Skolastika aliuona unavyotengenezwa: kwanza midomo, kisha taya, kisha macho yanahamia mahali pengine. Mtoto akalamba. Mdomo wa chini ukaanza kutetemeka. Akauangalia tena uso wa mama yake, na polepole, kwa kazi kubwa kwa mtoto wa umri ule, mdomo ukaacha kutetemeka.

Gaspari alipiga kofi pajani kwa furaha. "Damu yangu hii," alisema.

Skolastika akamchukua mtoto jikoni, akamsukutua kwa maji ya dafu, akaketi naye chini. Alijiona mpumbavu, na safari hii hakuna aliyekuwa akimcheka. Kijiji kilipomcheka miaka kumi na saba nyuma kilikuwa sahihi, aliwaza, kosa lake kijiji lilikuwa kuacha kucheka.

Jumapili baada ya misa Anselmi akafika. Alikuja na jogoo na doti ya kaniki, amevaa shati safi, anasalimia kila mlango. "Tumsifu Yesu Kristu, mwalimu," alimwambia Gaspari, na Gaspari akajibu "Milele amina" kwa sauti ya mtu aliyepewa haki yake. Wakaketi kibarazani. Jogoo akafungwa kwenye ule ua ulioanguka. Majirani, ambao mambo ya watu huwapa kiu, walianza kupitapita. Mmoja alikuja kuazima moto mara mbili.

Anselmi alisema ni hasira tu, ni shetani alipita, na ugali siku ile ulikuwa mbichi. Gaspari alisema anaelewa. Kisha akasafisha koo, akaanza juu ya subira. Alieleza subira ya Ayubu, akaeleza subira ya Mama Maria, akaeleza kwa kituo subira yake yeye mwenyewe, na jinsi nyumba yake ilivyolea fadhila hiyo kizazi hadi kizazi, ikiwa sasa kizazi cha tatu kimeanza jana tu. Agata alikuwa amekaa mlangoni na mkono wake kwenye vijiti. Hapana aliyemwuliza neno.

Skolastika akatoka jikoni na kisahani. Aliwakaribia kwa adabu, akapiga goti kidogo kama anayekaribisha wageni wa heshima. Juu ya kisahani palikuwa na vipande viwili vya shubiri, vimemenywa, vinene, vinachuruzika utomvu wa manjano.

"Karibuni," alisema. "Mmezungumza jambo zito na vinywa vitupu. Hii ndiyo desturi ya nyumba hii, baba mkwe wako ameieleza vizuri. Atakayelamba asikunje uso ndiye mwenye subira, na huyo nitamkabidhi Agata kwa mikono yangu."

Mtu wa kuazima moto akaketi kabisa. Anselmi akacheka, akadhani ni mzaha wa mama mkwe, akachukua kipande akakitia chote mdomoni ili aonyeshe uanaume. Uanaume ulikaa humo kwa hesabu ya mbili. Akatema, akakohoa, machozi yakamtoka, akaita maji, na maneno aliyoyatoa kabla maji hayajafika hayakuwa ya mtu aliyetoka kanisani.

"Mwalimu," Skolastika alisema, akimgeuzia kisahani mumewe.

"Mganga hajigangi," alisema Gaspari.

"Basi leo mganga anaumwa."

Watu walikuwa wengi sasa. Miaka mingi watoto wao walikuwa wamelamba kwa mafundisho ya mtu huyu, na kila jicho lilikuwa limetua mdomoni mwake. Gaspari akalamba kwa ncha ya ulimi. Uso wake ulijikunja wote, hata masikio yalisogea, akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na huko alisikika akitema kama mtu anayefukuza roho mbaya. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Kibaraza kilivunjika kwa kicheko. Dija, aliyekuwa na sinia lake mlangoni pa jirani, alicheka mpaka akashika mbavu.

Skolastika naye alicheka. Alidhani amemaliza. Hapo ndipo ulipokuwa ujinga wake wa pili.

Gaspari alirudi anafuta ndevu, macho mekundu. Aibu humgeuza mtu wa namna yake kuwa mkali. "Mchezo umekwisha," alisema. "Mwenye nyumba hii ni mimi. Agata, funga mzigo wako, mfuate mumeo."

Na Agata akainuka. Hakusita hata kidogo. Akaingia ndani, wakamsikia akivuta kitambaa, akatoka na furushi lake chini ya kwapa la mkono mzima, akainama amwite Monika. Uso ulikuwa umetulia, umetengenezwa, wa mtakatifu kabisa. Kicheko kikakatika mdomo kwa mdomo mpaka hakuna aliyecheka. Wale wanawake waliomsifu tangu akiwa na miaka sita walianza kutazama miguu yao.

Skolastika akasimama mbele ya binti yake. Alikiweka kisahani chini kwanza, kwa uangalifu, hakujua kwa nini.

"Agata, mkono unauma?"

"Hauumi, mama."

"Nimekuuliza. Unauma?"

"Nimezoea, mama. Wacha niende, jua litatukuta njiani."

"Mwanangu," Skolastika alisema, "mimi siku ile sikujua Kiswahili. Padri alisema neno moja nikasikia jingine. Ulikuwa na miezi mitatu, ulilia vizuri, watu walikuja mbio. Hukuzaliwa hivi. Mimi ndiye niliyekutia ubaya huu, halafu nikasimama nyuma ya mlango nikasikiliza ukisifiwa. Na mara mbili nimekurudisha kule mwenyewe na unga nimekufungia. Nisamehe. Sasa niambie, unauma?"

Agata alimtazama. Midomo ikajaribu kujipanga kama ilivyozoea. Taya likakataa.

"Unauma," alisema kwa sauti ndogo. Halafu furushi likaanguka, akasema tena, "Unauma, mama. Unauma sana. Hata lile jino liliuma," akakaa chini pale pale kwenye vumbi mbele ya watu wote, akapiga ukelele. Haikuwa sauti ya mwanamke mzima. Ilikuwa sauti isiyojua itoke vipi, inakwama, inarudi, inatoka kwa nguvu zaidi. Monika aliisikia, akashtuka, akamtazama mama yake usoni kama alivyofanya jana, kisha naye akafungua kinywa akalia.

Anselmi aliinuka. Alisema amekuja kuchukua mke wake, hakuja kusikiliza vilio.

"Basi nenda Kerege kasikilize randa yako," Skolastika alimjibu bila kumwangalia. "Huyu harudi. Kesho asubuhi kabla ya vanila nitakwenda kwa padri, nimwonyeshe mkono huu na hilo pengo la jino. Akitaka kuniambia habari za subira namwomba aniambie kwa Kizigua, nisije nikakosea tena."

Anselmi akawatazama watu apate wa kumtetea, akakuta anayemtazama ni Dija tu, tena si kwa wema. Akamfungua jogoo wake, maana hakuwa mtu wa kusahau mali, akashika njia akiwa na jogoo kwapani na kaniki begani.

Gaspari alikuwa bado amesimama, kiganja mdomoni. "Mnyamazishe, Mama Agata," alisema. "Mpaka mjini wanasikia."

"Wasikie. Kapige kengele yako, saa imefika."

Saa ilikuwa imefika kweli, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kamba ya kengele, Gaspari alikwenda mbio. Majirani wakatawanyika mmoja mmoja. Skolastika akaketi vumbini, akampakata mtoto, akamwegemeza binti yake ubavuni upande usiovunjika. Hakumwambia nyamaza wala hakumwambia basi. Kengele ikalia ikaisha, kivuli cha nyumba kikawafikia, na Agata bado alikuwa akilia, na mama yake hakuwa na haraka.